Sura ya Tisa: Taa Iliyojaa

Wanaume wengine wakizidiwa na mapenzi huleta maua. Wengine huleta pete. Wengine, na hao ndio wa kuwakimbia, huleta mashairi waliyotunga wenyewe. Miwani alileta ruhusa.

Miwani ni fundi wa miwani, mgane mrefu mwenye mabega yaliyoinama kwa kukaa juu ya mashine ya kusaga vioo. Duka lake liko chini, nyumba yake iko juu ya duka, na jina lake la kuzaliwa wateja walishalisahau. Mwanamke aliyempa ruhusa anaitwa Bahili. Si kwamba ana mkono wa birika. Ukimtembelea atakulisha mpaka uombe msamaha. Jina hilo alipewa kisiwani.

Na kisiwa chenyewe hakina maji wala mchanga. Kiko ndani ya kompyuta. Watu huingia humo kutoka kila upande, kila mmoja na kikaragosi chake cha kutembelea, hujenga nyumba, hutembeleana, huandika, na walichoandika huelea juu ya vichwa vya vikaragosi vyao. Kila kinachofanya kazi humo, uwe mlango unaojifungua au paka anayelia akiona mgeni, kina skripti ndani yake, yaani maagizo ya nini kifanye na lini. Kila skripti ina kumbukumbu, ndogo tu, kama kopo. Na makopo yote yanachota kwenye pipa moja la wote. Jirani yako akifuga njiwa wanaokumbuka kila mgeni aliyepita, wewe ndiye utakayeganda mlangoni kwako, mguu mmoja hewani, umekodoa macho kama uliyepigwa picha vibaya.

Kazi ya Bahili ni kulilinda hilo pipa. Anakaa ofisini, mbele ya skrini mbili, ananyima. Anamwambia bwana harusi kwamba farasi wake wote hawawezi kukumbuka njia, achague mmoja wa kukumbuka na wengine wamfuate. Anamwambia mama mwenye bustani kwamba waridi halihitaji kujua jina la kila aliyelinusa. Watu humtukana, kisha kisiwa kikitembea vizuri husahau kumshukuru. Kwa hiyo ni Bahili.

Kisiwani, ukimpa mtu ruhusa ya vitu vyako, anaweza kuvigusa, kuvibadili, hata kuvifuta. Wapo mume na mke wanaolala kitanda kimoja na kunyimana ruhusa. Miwani alimpa Bahili ruhusa ya vitu vyake vyote, bila kuombwa, na akaandika maneno mawili: "Ingia kwako." Bahili alikwenda kulia kidogo kwenye choo cha ofisi, akanawa uso, akarudi kuwanyima watu.

Ningependa kukuambia kwamba ruhusa hiyo iliwajengea nyumba. Wacha niseme kilichotokea.

Ilikuwa Jumamosi. Asubuhi kisiwa kilikuwa kimekwama vibaya.

"Bahili," bosi wake alisema, amesimama nyuma ya kiti chake na kikombe mkononi, "kisiwa kimekuwa uji. Nimejaribu kuvuka daraja, nimefika na viatu tu. Mwili umebaki ng'ambo."

"Ni vitu vyenye masikio, bosi. Vile vinavyosikiliza watu na kukumbuka. Vikijaa havikubali kwamba vimejaa. Vinaendelea kusikiliza, vinashindwa kuweka, vinasikiliza tena. Ndiyo purukushani yenyewe."

"Vifute."

"Watatuua. Nitavifundisha kusahau. Kikijaa, kitupe neno la zamani kabisa, kipokee jipya."

"Vyote?"

"Vya umma vyote. Na vya watu walionipa ruhusa zao."

"Fanya hivyo kabla sijapoteza na viatu."

Aliandika amri, akaisoma mara mbili kama kawaida yake, akabonyeza. Kisiwa kikapumua. Vikaragosi vilivyokuwa vimeganda vikaanza kutembea, bosi akapiga makofi kwa kikombe na meza, na Bahili akanyoosha mgongo. Kazi safi. Mpaka leo ukimwuliza fundi yeyote atakuambia amri ile ilikuwa kazi safi.

Kabla ya mchana dada yake mkubwa akapiga simu. Dada ni mshonaji, na anapoongea pini huwa ziko mdomoni.

"Mdogo wangu, nisubiri au nishone?"

"Shona, dada."

"Nishone kwa harusi ya lini? Hili gauni nimelifumua mara ya tatu. Kitambaa kinaanza kunijua. Mara kiuno kimepungua, mara bwana ameahirisha, mara kiuno kimerudi. Nikuulize kitu, usinune."

"Uliza."

"Mwanaume anayeishi na mama wa mke aliyefariki, na huyo mke mwenyewe yumo ndani ya taa. Wewe utakaa wapi? Kwenye droo ya fremu?"

"Leo atamwambia mama yake mkwe. Ameniahidi."

"Ameahidi," dada alisema, na Bahili alisikia pini zikigongana. "Haya. Naacha pindo wazi."

Sasa hiyo taa. Marehemu aliumwa muda mrefu, na ugonjwa ulipofika kooni ukamchukua sauti. Akabaki kitandani, mama yake chumba cha pili, mumewe chini dukani. Miwani, ambaye skripti anazijua kwa kuokota okota kwa wenzake, alijenga nyumba ndogo kisiwani, nyumba yenye kibaraza, na kwenye kibaraza akatundika taa. Wote watatu waliingia humo, kila mmoja na chombo chake, marehemu akiandika kwa kidole kimoja alicholaza juu ya shuka. Na taa ilisikiliza na kukumbuka. Ukiigusa, inakurudishia neno moja. Ukiigusa tena, linalofuata, na yakiisha inaanza upya. Hayakuwa maneno makubwa. Supu ina chumvi. Nani amepiga hodi. Mwambie asifunge duka mapema kwa ajili yangu. Alipofariki, mama yake hakuondoka. Kila siku akiamka kutoka usingizi wa mchana alikaa na tableti, akaigusa taa, akasikiliza nyumba yake ya zamani ikiongea.

Utashangaa basi kwamba Miwani na Bahili walikutana kwenye kibaraza hicho hicho. Lakini wangekutana wapi? Ukuta wa nyumba ile ni mwembamba, na mama mkwe ana masikio ya kusikia mchwa. Simu haikuwezekana. Mchana mama alilala, Miwani alifungua kompyuta nyuma ya mashine ya vioo, Bahili alifunga mlango wa ofisi, na vikaragosi vyao vikakaa bega kwa bega kwenye kibaraza, chini ya taa. Mwaka mzima.

Mchana huo Miwani alikuwa ametangulia.

"Umekula?" aliandika.

"Nimekula. Wewe?"

"Nimekula kwa macho. Kuna mteja alikuwa anatafuna mbele yangu."

"Pole, mume mtarajiwa."

"Mtarajiwa ndio cheo changu?"

"Unacho tangu mwaka jana. Nangoja upandishwe."

Juu yao taa ilimetameta, mara moja, haraka.

"Ona," Miwani akaandika. "Taa inakukonyeza."

"Inanikonyeza mimi au wewe?"

"Wewe. Mimi imeshanizoea."

Bahili alicheka peke yake ofisini. Halafu akauliza alichokuja kuuliza.

"Umemwambia Mama?"

Bahili aliweza kumwona Miwani, ng'ambo ya mji, ameshika kioo cha mtu, anakifuta ingawa kimeshakuwa safi.

"Nilitaka jana. Akaamka na kichwa."

"Na juzi?"

"Juzi alikuwa na furaha. Sikutaka kumharibia."

"Kwa hiyo akiumwa humwambii, akifurahi humwambii. Tumvizie siku akiwa hana hali yoyote?"

"Usinifanyie hivyo."

"Nikufanyie vipi? Dada yangu amefumua gauni mara ya tatu. Anasema kitambaa kinamjua."

"Yule mama alimzika mtoto wake wa pekee. Nikimwambia naoa, ni kama ninamzika tena mbele yake."

"Nimekuomba umtoe? Akae pale pale. Nitampikia, nitamfulia, nitampeleka kliniki, nitamsikiliza akinisema. Simwogopi mama mkwe wa mtu. Naogopa wewe."

"Mimi nimefanya nini?"

"Hujafanya. Ndiyo shida. Moyo wako umejaa, bwana. Ninachosema kinagonga na kurudi. Mwaka mzima nimekuwa mgeni wa marehemu. Nakaa kwenye kiti chake, chini ya taa yake, naongea kwa kunong'ona nisimwamshe."

Taa ikakonyeza.

"Usimguse marehemu."

"Nitamgusaje, na amekaa katikati yetu?"

"Nimesema usimguse!"

"Basi mwambie asogee!"

Kila sentensi, taa ilikonyeza. Waliiona wote wawili, na hakuna aliyeitazama. Watu wakigombana hawaangalii taa. Waliandika kwa kasi, sentensi ndefu ndefu, yale yote ambayo mwaka mzima waliyapanga vizuri na kuyafungia. Kwamba Miwani ni mwoga. Kwamba Bahili hajui kufiwa. Kwamba siku ya kumbukumbu ya marehemu Bahili alifichwa dukani kama fremu iliyokataliwa. Ndipo Miwani, ambaye huandika kwa vidole viwili na kufuta kila anachoandika, akaandika bila kufuta.

"Unadhani mimi naipenda hii taa? Kila siku namsikia Mama huko juu anaisoma kwa sauti, neno lile lile, lile lile. Nawasha mashine nisisikie hata kama sina kioo cha kusaga. Mara nyingine natamani izimike, nipate kulala kama watu."

Taa ikakonyeza.

Vikaragosi vyao vilitazama mbele.

"Sikujua," Bahili aliandika hatimaye.

"Sijawahi kumwambia mtu."

"Samahani. Nimeongea vibaya."

"Umeongea kweli. Njoo leo."

"Nije wapi?"

"Nyumbani. Mama akishaamka. Nitamwambia ukiwa umekaa mbele yake. Nikianza kugugumia, nikanyage mguu."

"Nitavaa viatu vya kisigino."

"Nakupenda."

"Rudia."

"Nakupenda, Bahili wangu."

Na taa, jamani, ikakonyeza tena.

Alirudi kwenye kazi zake anaimba. Alimtumia dada ujumbe: shona pindo. Akafungua ripoti ya mchana kuona jinsi amri yake ilivyofanya kazi, akapitisha macho, chemchemi sawa, paka sawa, kengele ya shule sawa, na katikati akaona kibaraza anachokijua. Taa: imetupa, imepokea. Imetupa, imepokea. Mstari baada ya mstari.

Kwanza alitabasamu. Kumbe ndiyo maana ilikuwa inakonyeza.

Halafu tabasamu likamfia mdomoni. Imetupa nini?

Bahili alikuwa anaijua taa, lakini hakuwahi kuifungua. Kama fundi mwingine yeyote, aliamini maneno ya marehemu yameandikwa kwenye ukurasa ndani yake, mahali ambapo hata kisiwa kikizimwa kikawashwa hayaondoki. Fundi hawezi kuacha kitu kama hicho kwenye kumbukumbu ya skripti inayokimbia. Ni sawa na kuning'iniza nguo za mtoto kwenye upepo bila kibanio. Lakini aliyeitengeneza hakuwa fundi wa skripti. Alikuwa fundi wa miwani ambaye mkewe alikuwa amepoteza sauti wiki ile. Taa ilifanya kazi, akashukuru, hakuigusa tena. Kopo lake dogo lilijaa siku za mwisho za marehemu, na tangu hapo halikuingia kitu. Huko kujaa ndiko kulikokuwa kufuli lake. Mwaka mzima wapenzi wawili walimwaga maneno matamu chini yake na yote yakamwagika chini, hadi asubuhi hiyo Bahili alipoifundisha kusahau.

Na sentensi za mgonjwa ni fupi. Za wagomvi ni ndefu.

Alipeleka kikaragosi chake kibarazani mbio, akaziba kwanza masikio ya taa isiendelee kupokea. Halafu akaigusa.

"Mama, funga dirisha, baridi inaniingia."

Alivuta pumzi. Yumo. Akagusa tena.

"Umekula?"

Akagusa.

"Nimekula. Wewe?"

Aliiacha. Hakuhitaji kuendelea, kilichofuata alikijua kwa moyo. Supu yenye chumvi ilikuwa imekwenda, na aliyepiga hodi, na duka lisifungwe mapema. Limebaki neno moja, la mwisho kuingia kabla kopo halijajaa.

Alifika dukani na viatu vya ofisi. Miwani alikuwa amechomekea shati, nywele amezilowesha akazichana, na alipomwona uso wake uliwaka.

"Umewahi! Sijamaliza hata kufanya mazoezi. Sikiliza: Mama, huyu ni—"

"Kaa chini."

"Nikikaa nitakunja suruali."

"Kaa, nakuomba."

Alikaa kwenye kiti cha wateja, mbele ya ubao wa herufi za kupimia macho. Bahili alimweleza amesimama. Hakuzunguka. Alisema amri ilikuwa yake, ilikusudiwa kisiwa kizima, na kwamba imefika kwenye taa kwa njia ya ruhusa aliyompa.

Miwani alicheka kwanza. "Si una nakala? Nyie mnaweka nakala ya kila kitu."

"Nakala ni ya vitu. Taa ninayo. Maneno vinayoyakumbuka hayamo."

"Kwa hiyo imebaki nini?"

"Neno moja la kwake. La dirisha. Na sisi."

"Sisi nini?"

"Ugomvi wetu wote. Tangu 'umekula'."

Alimwona akirudi nyuma kichwani, sentensi moja moja, akitafuta aliyosema. Alimwona anapoifikia.

Ndipo juu ya vichwa vyao sakafu ikalia, kiti kikavutwa. Mama alikuwa ameamka.

Walipanda ngazi pamoja, Miwani mbele. Chumba kilikuwa na joto la alasiri, dirisha la barabarani limeachwa wazi kabisa. Kitanda cha marehemu bado kilikuwa ukutani, kimetandikwa. Mama mkwe alikuwa mezani, amewapa mgongo, tableti ameiegemeza kwenye kopo la sukari. Kabla ya kustaafu alikuwa karani wa mahakama, yule anayesoma kwa sauti mambo ambayo wenyewe hawawezi kuyasema mara ya pili.

"Karibuni," alisema bila kugeuka. "Kaeni. Nimefika katikati."

Hakuna aliyekaa.

Aligusa skrini. Alisoma kwa sauti iliyonyooka, isiyopanda wala kushuka.

"'Dada yangu amefumua gauni mara ya tatu.' Gauni la nani?"

"Mama," Miwani alianza.

"Ngoja." Akagusa. Akagusa. "'Simwogopi mama mkwe wa mtu. Naogopa wewe.' Hapa anaongea mwanamke. Anaongea vizuri." Akagusa. "'Moyo wako umejaa, bwana.'" Aliendelea hivyo, sentensi kwa sentensi, bila kuruka hata tusi. Bahili alisimama akisikiliza hasira yake ikisomwa kama ya mtu mwingine, na akaona kwamba hakuna sentensi hata moja ambayo angeweza kuiomba irudi.

Alijua inayokuja. Alimtazama Miwani. Miwani alikuwa anatazama sakafu.

"'Mara nyingine natamani izimike,'" mama mkwe alisoma, "'nipate kulala kama watu.'"

Alivua miwani. Aliitengeneza mkwewe mwenyewe, ile. Akaifuta kwa pindo la kanga, akaivaa tena.

"Hapa ni mwanamume."

"Mama, sikumaanisha—"

"Haijaisha." Akagusa mara kadhaa. "'Nakupenda.' 'Rudia.' 'Nakupenda, Bahili wangu.'" Akagusa, na hapo sauti ya mahakama ikamwacha. "'Mama, funga dirisha, baridi inaniingia.'"

Barabarani muuza ndoo alikuwa anaita wateja. Ilisikika wazi.

"Hili ndilo lake," alisema. "Jana alikuwa ananiambia supu ina chumvi. Leo nimegusa taa, nimekuta watu wanachumbiana." Akageuza kiti, akawatazama kwa mara ya kwanza. Uso wake haukuwa na hasira. Afadhali ungekuwa nayo. "Nauliza mara moja. Nani amemfuta mwanangu?"

Kuna neno dogo ambalo lingemtosha Bahili maisha yake yote. Hakuhitaji kutetewa. Aliibonyeza amri, angeikiri. Ila ruhusa ilikuwa ya Miwani, kopo lisilo na kifuniko lilikuwa la Miwani, ugomvi ulikuwa wa wote wawili. Alitaka Miwani aseme "sisi". Alimgeukia, na macho yao yakakutana, yale macho ya Miwani ambayo hupima ya watu mchana kutwa na ambayo mwaka mzima aliyaona zaidi kwenye kikaragosi, yakiwa yamechorwa. Alimngoja kama alivyozoea kumngoja.

"Yeye ndiye fundi, Mama," Miwani alisema. "Mambo hayo mimi siyajui."

Alisema haraka, kama mtu anayetoa mkono kwenye chuma cha moto.

"Ni mimi, Mama," Bahili alisema. "Sikukusudia. Lakini ni mimi."

Mama mkwe alimtazama Miwani kwa muda, akamtazama yeye. Alikuwa amesikia mashahidi wengi.

"Umemsikia alivyojibu?"

"Nimemsikia, Mama."

"Haya," alisema yule mama, na mtu angedhani anamhurumia. "Nenda nyumbani, mwanangu. Huyu abaki. Nimebakiwa na yeye na dirisha."

Bahili alishuka ngazi. Alishuka polepole, kwa sababu mtu akishuka polepole ni rahisi kumfuata. Alipita katikati ya fremu, akapita ubao wa herufi, akafika mlangoni, akasimama karibu na kioo kirefu mpaka alipojiona anasimama. Juu hakukuwa na hatua.

Alipovuka barabara, simu ikatetema mkononi. Aliinua haraka, kwani mpumbavu wa mwisho kufa ndani ya mtu ni yule anayependa. Ulikuwa ujumbe kutoka kisiwani, ule unaojituma wenyewe. *Mwenye vitu ameondoa ruhusa yako.*

Aliusoma mara mbili, kama kawaida yake.

Jua lilikuwa kali. Muuza ndoo alikuwa amejifunika gazeti kichwani. Bahili aliinua macho, na huko juu akaona mikono miwili mikongwe ikishika dirisha na kulifunga, taratibu, kwa namna ya mtu asiyetaka kumsumbua aliyelala. Joto lote lile, na dirisha likafungwa mpaka komeo.

Baada ya kitambo likafunguliwa tena, wazi kabisa.

Hakuondoka. Alijua taa ilikuwa inapita wapi sasa. Umekula. Nimekula, wewe. Gauni. Moyo umejaa. Basi mwambie asogee. Natamani izimike. Nakupenda. Rudia. Alihesabu kwa midomo, sentensi zake na za Miwani, ugomvi mzima tangu mwanzo, mpaka zilipokwisha na ikafika tena zamu ya neno la dirisha.

Mikono ikatokea dirishani.